SOMO KWA MAKATIBU: TATHMINI YA MRADI NI MALI YA NANI?



Madhumuni ya somo hili ni kueleza mambo ambayo chama kina haki ya kumwomba mfadhili kabla ya tathmini ya mradi kuanza. Jambo hili si dogo. Tathmini ndiyo inayoamua kama fedha zitaendelea kuja au zitakoma, nayo ikipima kisichostahili kupimwa, wanaoumia ni wanachama.

Mfano wa Shinyanga

Tangu zamani Wasukuma wana desturi ya ngitili: hutenga sehemu ya malisho mwanzoni mwa mvua, na mifugo haiingizwi humo mpaka kiangazi. Ufyekaji wa mapori kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 vilidhoofisha desturi hiyo.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na Norway ikaufadhili. Hapo mwanzo mkazo ulitiwa katika vitalu na upandaji wa miche. Lakini wananchi waliithamini zaidi ngitili, na mradi ukakubali kuwafuata. Kanuni zilijadiliwa katika dagashida, yaani baraza la kimila, na sungusungu wakashiriki katika ulinzi. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa tujiulize: mtathmini aliyetumwa kuhesabu miche tu angeandika nini? Angepita kando ya ngitili, akaiona kuwa ni pori, na kazi kubwa ya wananchi isingeonekana katika taarifa yake. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ilifuata njia nyingine. Iliwauliza wanavijiji wenyewe faida wanazozipata: malisho, kuni, nyasi za kuezekea, dawa, asali. Ilionyesha pia kwamba kaya zenye uwezo zilikuwa na ngitili kubwa kuliko kaya maskini. Hivyo basi, kuheshimu mila hakumzuii mtathmini kuuliza nani anakosa.

Mambo ya kumwomba mfadhili

1. Fedha na muda. Gharama za mikutano, za wakalimani na za siku ambazo wanachama wanaacha kazi zao ziwekwe katika makisio tangu mwanzo. Tathmini isipangwe wakati wa palizi au mavuno.

2. Vipimo. Wanachama waulizwe mapema: kwenu ninyi, mradi ukifaulu mtaujuaje? Jibu lao liingizwe katika mkataba.

3. Watu na lugha. Awepo mtathmini anayeijua lugha ya mahali na desturi zake. Wanawake, vijana na wasio na ardhi wasikilizwe peke yao, maana katika mkutano wa hadhara husikika wenye sauti kubwa.

4. Taarifa irudi. Isomwe kwa Kiswahili katika Mkutano Mkuu kabla haijakamilishwa, na hoja za wanachama wasioafiki ziandikwe humo.

5. Ukweli usiadhibiwe. Mfadhili anayekata fedha kila anapoambiwa kosa hufundisha watu kuficha makosa.

Tahadhari

Haya hayaondoi wajibu wetu. Vitabu vya hesabu vitaendelea kukaguliwa kama sheria inavyotaka, na hakuna mila inayoweza kutumiwa kuficha upotevu wa mali ya chama.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfadhili hakilalii kitanda hiki. Sisi ndio tunaokilalia. Basi na tuulizwe, na tukiulizwa tuseme kweli.

Maswali ya kujadili katika chama

(a) Mradi wetu wa mwisho ulipimwa kwa kipimo gani, na ni nani aliyekichagua?
(b) Je, taarifa yake iliwahi kusomwa mbele ya wanachama?
(c) Ni wanachama gani ambao hawakuulizwa?