Kilo, Sentimita na Mstari wa Kadi: Kufuatilia Ukuaji wa Mtoto Magomeni

Mama akirudi kutoka kliniki hapa Magomeni, Mtwara, jirani humuuliza kilo tu: "Kaongeza?" Sentimita haziulizwi, na pengine hata hazikupimwa. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na mashavu ya kupendeza na bado akawa amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wengi wao, ukiwaona wanacheza barazani, huwezi kuwadhania.

1. Dai vipimo viwili

Uzito hupanda na kushuka ndani ya wiki moja ya kuharisha. Urefu haushuki, ukisimama, jambo limeshadumu. Kwa hiyo mwambie nesi kwa adabu: "Dada, naomba na urefu." Mtoto chini ya miaka miwili hupimwa amelazwa kwenye ubao, magoti yamenyooshwa, mkubwa zaidi husimama, bila viatu. Mvue nguo nzito kabla ya kumpandisha kwenye mizani. Nepi iliyolowa nayo ina uzito wake.

2. Soma mstari, usihesabu kilo

Nukta moja kwenye kadi ya kliniki haisemi mengi. Unganisha za miezi mitatu ndipo utazame: mstari unapanda sambamba na ile iliyochapishwa, umelala, au unashuka? Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda vizuri hana neno. Mnene ambaye wake umelala ndiye wa kuulizia.

Makadirio ya kubaki nayo kichwani: mtoto huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50, hufikisha 75 hivi mwaka wa kwanza, huongeza kama 12 mwaka wa pili, kisha 6 au 7 kila mwaka mpaka balehe. Uzito wa kuzaliwa huwa mara tatu mwaka ukitimia. Siku za mwanzo mtoto hupungua kidogo, na huurudisha uzito huo ndani ya wiki mbili; bibi asikutie hofu ukakimbilia maziwa ya kopo.

3. Acha kusingizia ukoo, acha kusingizia kubemenda

"Sisi kwetu wafupi." Maneno haya yamefunika udumavu mwingi. Vipimo vya kwenye kadi vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa walionyonya vizuri na kuishi kwenye mazingira salama, na urefu wao ukakaribiana mno. Mpaka miaka miwili, basi, mtoto wa Mmakonde na wa Mnorway wanadaiwa sentimita zilezile. Urithi huonekana wazi zaidi baadaye.

Kubemenda kuna madhara ya aina nyingine. Mtoto akidhoofu, wazazi huambiwa wamembemenda kwa kukutana kimwili kabla hajaacha ziwa. Mama huona aibu, humficha mtoto, kliniki haendi, na miezi inayohesabika zaidi inapita. Kukutana kimwili hakumdhoofishi mtoto. Mimba nyingine ya haraka, ikimkatisha ziwa mapema, hiyo ndiyo ya kuogopa, na dawa yake ni uzazi wa mpango.

4. Rekebisha muhogo, kisha ongeza kitoweo

Miezi sita ya kwanza ni ziwa pekee, hata maji hapana. Baada ya hapo ziwa huendelea mpaka miaka miwili, na chakula huanza. Hapa kwetu maana yake mara nyingi ni uji wa makopa, yaani muhogo mkavu uliosagwa.

Muhogo hushibisha, lakini protini yake ni haba sana. Ule mchungu una sumu ya sianidi, na mwili huitoa kwa kutumia baadhi ya protini ambazo mtoto angejengea misuli na mifupa. Mabaki yake huzuia pia iodini isifanye kazi. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, umewahi kuripotiwa mkoani Mtwara kwa sababu ya unga usioandaliwa sawasawa.

Fanya hivi. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, tia alama ulipoishia. Koroga na maji kidogo kidogo: utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Hapo acha. Utandaze kwenye jamvi, unene usizidi sentimita 1, uachie kivulini muda wa saa 5 au juani saa 2, sumu ipae hewani. Upike siku hiyohiyo.

Kisha kitoweo. Dagaa wakavu waliosagwa, kijiko ndani ya uji, wanafanya kazi kubwa kuliko mchanganyiko wa nafaka saba unaouzwa kwa jina la lishe. Kunde, mbaazi, yai, kisamvu cha nazi, papai: badilisha. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, usizisage. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huhusishwa na udumavu. Chumvi nunua yenye madini joto, kwani ya mabwawa yetu ya pwani haina mpaka iongezwe. Kuanzia miezi tisa, mlo mara tatu au nne kwa siku, katika sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia la wote, mdogo hushindwa mbio.

Na pesa ya korosho ikiingia kuanzia Oktoba, weka akiba ya kunde na dagaa kabla ya bati na redio. Februari na Machi, shamba likiwa bado halijatoa kitu, mtoto hasubiri.

5. Ziba mianya

Kuharisha, malaria na minyoo hula alichokula mtoto. Chandarua, sabuni, choo, matone ya vitamini A kila miezi sita, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Akiumwa asiachishwe chakula. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

6. Baada ya miaka mitano

Pima mlangoni kila miezi sita: visigino ukutani, kitabu kichwani, alama ya penseli. Pima asubuhi, maana jioni mtu hupungua karibu sentimita 1. Akiongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka kabla ya balehe, mpeleke kwa daktari.

Usisubiri kliniki ijayo iwapo utepe wa mkono, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, unasoma chini ya sentimita 11.5, au ukibonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba shimo linabaki. Mtoto wa hivyo ni wa kituo cha afya leo, au hospitali ya Ligula moja kwa moja, hata kama mashavu yamejaa. Pengine ni maji yaliyoyajaza.