Msamaha wa Familia Haufuti Hesabu ya Daktari



Ndugu msomaji, Novemba 2007 kulitokea jambo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam, ambalo Watanzania wengi hawajalisahau. Wagonjwa wawili walioshabihiana jina la kwanza walibadilishwa. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki dunia baadaye, na mwenzake ikabidi apelekwe India kwa matibabu. Madaktari waliohusika walisimamishwa kazi na uchunguzi ukafanyika.

Kila linapotokea jambo la namna hii, Waislamu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema, "Siku zake zilifika, kazi ya Mungu haina makosa, tusimfuatefuate daktari wa watu." Na wapo wanaotaka daktari afungwe siku hiyo hiyo kabla hajasikilizwa. Swali la kujiuliza ni hili: Uislamu unasema nini?

Tuanze na qadar. Kuamini qadar ni nguzo ya imani, wala hapana mjadala katika hilo. Lakini Allah huyo huyo aliyekadiria ajali za waja ndiye aliyeweka hukumu ya aliyeua kwa bahati mbaya. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, ameelekeza kafara kwa muuaji na fidia (diya) kwa warithi wa marehemu, isipokuwa warithi wenyewe wakiamua kusamehe na kuifanya sadaka. Kama qadar ingekuwa inafuta uwajibikaji, aya hii ingekuwa na kazi gani? Marehemu amekufa kwa ajali yake, hapana shaka, na aliyesababisha ana hesabu ya kutoa. Mambo haya mawili hayapingani.

Kuhusu waganga, Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Kutokana na msingi huu wanazuoni walichambua kwa kina. Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350 Miladia), katika Zad al-Ma'ad aliwagawa matabibu katika mafungu matano. Wa kwanza ni mjuzi aliyepewa idhini, akaifanya kazi kama inavyotakiwa, kisha mgonjwa akadhurika. Huyu hana dhamana. Wa pili ni asiye na elimu. Wa tatu ni mjuzi aliyeruhusiwa lakini mkono wake ukateleza ukajeruhi kiungo kizima. Wa nne ni mjuzi aliyejitahidi kukisia dawa akakosea. Wa tano ni mjuzi aliyekata bila ya idhini ya mgonjwa au walii wake.

Tazama uadilifu uliomo humu. Si kila mgonjwa anayefia mezani ameuawa na daktari. Upasuaji una hatari zake, na daktari aliyetimiza wajibu wake analindwa na sheria ya Allah dhidi ya hasira za watu. Hata hivyo, elimu peke yake haimuokoi. Fungu la tatu na la tano yanawahusu mabingwa wenye vyeti. Na aliyepasuliwa kichwa hali alitoa idhini ya kupasuliwa goti, idhini yake ilikuwa ya goti tu.

Mwanafunzi mmoja katika darasa langu aliwahi kuniuliza: "Ustadhi, familia ikishasamehe, si yamekwisha?" Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya. Zipo haki mbili. Ya kwanza ni fidia. Hiyo ni mali ya mgonjwa au warithi wake, na wakisamehe wana ujira kwa Mola wao. Ya pili ni haki ya wagonjwa wajao, ambao wiki ijayo watalala juu ya meza ile ile. Hiyo familia haina uwezo wa kuisamehe, kwa sababu si yao. Kusamehe fidia si kufuta uchunguzi.

Na hili si jambo la kuletewa na Wazungu. Mwaka 319 Hijria (931 Miladia), habari zilimfikia Khalifa al-Muqtadir, mjini Baghdad, kuwa mtu amefariki kwa kosa la tabibu. Hakuishia kwenye fidia ya mtu mmoja. Aliamuru matabibu wazuiwe kufanya kazi mpaka wapimwe na Sinan ibn Thabit, na wanahistoria wanaeleza kuwa waliopimwa walizidi 860. Baadaye, vitabu vya hisba vilimuelekeza muhtasib wa soko awakague matabibu na wapasuaji kama anavyokagua mizani za wauzaji.

Leo kazi hiyo kwa Tanzania Bara inafanywa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza lina uwezo wa kumuonya daktari, kumsimamisha, au kumfuta katika daftari. Kupeleka malalamiko huko si kusengenya. Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ameyataja malalamiko ya aliyedhulumiwa mbele ya mwenye mamlaka miongoni mwa mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya. Kinachokatazwa ni kumchafua daktari vijiweni kabla ya ukweli kujulikana.

Aidha, tusidhani kuwa kumuadhibu mtu mmoja kunamaliza kazi. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa kichwa kwa kuchanganywa na mwenzake. Daktari alisimamishwa pamoja na wauguzi na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Madaktari wenzake wakalalamika kuwa vibandiko vya majina si yeye aliyevibandika. Hoja yao ina uzito, kwani mgonjwa hupita mikono mingi kabla ya kufikiwa na kisu, na kila mkono una amana yake.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika chumba cha upasuaji: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande upi. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya Ifakara hapa kwetu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kuuliza jina kwa sauti hakuhitaji mashine.

Sasa mfikirie mtu wa Ruanda kule Mbinga, au wa Liuli mwambao wa Ziwa Nyasa. Akiugua sana hufikishwa Litembo, Peramiho au Songea. Ikishindikana, anapewa rufaa ya Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 1,000. Hakumchagua daktari wake, hamjui, na dawa ya usingizi ikishaingia hawezi hata kujitetea. Ni amana ipi iliyo nzito kuliko hii? Na ndugu zake wakirudi na jeneza bila ya kuuliza lolote, wakidhani huo ndio uchamungu, nani atamuulizia mgonjwa wa kijiji jirani atakayewafuata?

Kwa hiyo, ndugu yangu, mgonjwa wako akidhurika hospitali, fanya subira, na subira haikukatazi kuuliza. Muombe daktari maelezo kwa adabu. Andika tarehe, majina na uliyoambiwa. Usiporidhika, nenda kwa uongozi wa hospitali, kisha Baraza. Akionekana hana kosa, msafishe kwa watu na umuombee dua. Akionekana analo, samehe kilicho chako ukipenda, na uache lililo la waja wengine lifuate mkondo wake.

Wallahu a'lam.