Somo la Wiki: Vali Inayojifunga Yenyewe

Watoto wapendwa, baridi ya Johannesburg imeingia. Kwa nini baba au mama akiwasha hita ya gesi huendelea kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa?

Karibu na moto kuna kijiti cha metali mbili zilizounganishwa. Kikipata joto hutoa umeme kidogo, nao huipa sumaku nguvu ya kuizuia vali isijifunge. Moto ukizimika, kijiti hupoa, sumaku huachia, springi huifunga vali, na gesi hukatika.

Wazazi, vali hiyo haizuii kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Acheni dirisha wazi kidogo, na zimeni hita kabla ya kulala.

Zoezi: Mpigie bibi simu, umweleze kwa Kiswahili kazi ya vali.