Mvuke, Vumbi na Cheche: Namna ya Kuainisha Mahali pa Hatari Katika Kiwanda cha Dawa

Kiwanda cha dawa huonekana kuwa mahali safi na patulivu. Hata hivyo, vitu viwili vitumikavyo humo kila siku, yaani spiriti na unga laini, vyaweza kulipuka vikichanganyika na hewa na kukutana na cheche. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, petroli iliyomwagika kutoka katika lori iliwaka na kuua watu zaidi ya 100. Kanuni ya mvuke ni ileile barabarani na kiwandani.

Makala haya yaeleza jinsi sehemu za kiwanda zinavyogawanywa kwa kadiri ya hatari hiyo, kabla fundi umeme hajafunga hata swichi moja.

Tabia ya spiriti

Tuchukue mfano wa kubuni: karakana ndogo katika kata ya Igogo, jijini Mwanza, inayotengeneza dawa ya kutakasa mikono. Katika kanuni mojawapo ya Shirika la Afya Duniani, ethanoli ni asilimia 80 ya ujazo wa dawa hiyo.

Ethanoli halisi hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikifika nyuzi 13 hivi za Sentigredi. Maji yakiongezwa, kiwango hicho hupanda nyuzi chache tu. Mchana wa Mwanza kwa kawaida huzidi nyuzi 25. Tena uso wa ziwa upo kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo mdogo wa hewa hukishusha kiwango hicho kidogo. Hivyo pipa likifunuliwa tu, mvuke wa hatari upo.

Mvuke huo hulipuka ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 hivi ya hewa. Uzito wake ni mara 1.6 ya ule wa hewa. Kwa hiyo hutambaa sakafuni na kutuama mitaroni. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

Kanda tatu

Kipimo cha uainishaji ni muda na wingi wa nyakati ambazo mvuke huwapo.

Kanda 0: mvuke upo daima, kwa vipindi virefu au mara kwa mara. Ndani ya pipa la kuchanganyia, juu ya spiriti, ni Kanda 0.

Kanda 1: mvuke hutarajiwa kutokea pengine katika kazi za kawaida, kama vile kando ya mdomo wa pipa wakati wa kumimina.

Kanda 2: mvuke hautarajiwi katika kazi za kawaida, ukitokea, hudumu kwa muda mfupi.

Upana wa kila kanda hutegemea wingi wa mvuke na mwendo wa hewa. Kwa sababu hiyo, ramani ya kiwanda kimoja isinakiliwe kwa kingine.

Vumbi nalo lina Kanda 20, 21 na 22, kwa mpango huohuo. Tarehe 29 Januari 2003, huko Kinston, Marekani, kiwanda kilichotengeneza vifaa vya mpira vya dawa kililipuka, na wafanyakazi sita wakafa. Unga laini wa plastiki ulikuwa umejikusanya juu ya dari, mahali pasipoonekana. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa. Lakini unga usingekuwapo, mlipuko ule usingetokea.

Kuchagua vifaa

Wengi hudhani kuwa taa isiyopenya maji yafaa popote. Sivyo. Kuzuia maji si kuzuia mlipuko. Kifaa kinachofaa hubeba alama ya Ex, pamoja na kundi la gesi na daraja la joto. Ethanoli hujiwasha kati ya nyuzi 360 na 400, kwa kadiri ya upimaji. Basi kifaa cha daraja T2, ambacho uso wake hauzidi nyuzi 300, chafaa kwa upande wa joto. Cha T1, kinachoweza kufika 450, hakifai.

Hitimisho

Uainishaji si kazi ya mara moja. Feni ya kutoa mvuke ikizimwa ili kupunguza gharama ya umeme, Kanda 2 yaweza kugeuka Kanda 1, na taa iliyokuwa salama jana ikawa hatari leo. Kila badiliko la pipa, feni au dawa lidai ramani mpya.

Zoezi: Chora ramani ya chumba kinachotunza spiriti mahali pako pa kazi. Mvuke hutoka wapi, hukaa muda gani, na swichi iliyo karibu ipo umbali gani kutoka hapo?