SOMO: SHUKRANI YA KWELI NA HUZUNI YENYE KUFICHIKA

Mama, kila mara unapoleta mutoto kwenye kilo, tunaona kama uzito wake unapanda ao unashuka. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kilo haiwezi kupima: mutima wa mama mwenye kumubeba. Leo tutasema juu ya mutima huo.

1. Manunguniko yanafanya nini?

Maisha ni magumu, na hakuna anayekataa. Bei ya unga inapanda, maji iko mbali, bwana hajaleta pesa. Kusema matatizo si kosa. Kunungunika ni jambo lingine: ni kurudilia maneno yaleyale tangu asubui mpaka magaribi, pasipo kutafuta njia ya kuyatengeneza. Mwenye kunungunika anaona sahani moja yenye kupasuka. Zile tano nzima hazioni tena. Watoto wanajifunza kusema vilevile, na majirani wanaanza kupita njia ingine.

2. Namna ya kuzoea kushukuru

Shukrani ni desturi ya kujifunza, kama vile mutoto anavyojifunza kutembea. Jaribu hivi:

a) Usiku, mbele ya kulala, taja vitu vitatu vya siku ile. Usiseme tu «kila kitu». Sema: «Leo mutoto alikunywa uji wote. Jirani alinisaidia kubeba bidoni ya maji. Maharagi yameanza kutoa maua.»

b) Shukuru mutu mbele yake, na umuambie sababu. «Aksanti mama mukwe, ulibaki na mutoto, nikaweza kwenda shamba.»

c) Neno lenye kukusumbua, lipeleke kwa mutu anayeweza kulitengeneza. Usilipeleke kwa watu kumi wenye kulisikiliza tu.

Mwaka 2003, wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza kazi yao juu ya jambo hili. Watu fulani waliandika kila juma, kwa majuma kumi, mambo waliyoshukuru. Wengine waliandika mambo yaliyowasumbua. Wale walioandika shukrani waliona maisha yao kuwa mazuri kuliko wale wengine.

3. Lakini kushukuru si kuficha

Hapa ni lazima kusikiliza muzuri. Tunapoulizana habari, tunajibuka: «Niko muzima, namushukuru Mungu.» Ni jibu zuri. Lakini mara ingine ni kama pazia tu, na nyuma ya pazia mama analia. Mama kama huyu, ukimuambia «Shukuru tu, wengine wamekosa mutoto,» umemufunga kinywa. Pengine si munungunikaji, ni mugonjwa. Wala hatapona kwa kutaja vitu vitatu usiku tu.

4. Huzuni ya kisha kuzaa

Siku za kwanza kisha kuzaa, wamama wengi wanalia bila sababu na wanachoka upesi. Huzuni hii inaishaka yenyewe mbele ya majuma mawili.

Kama inapita majuma mawili, ni ugonjwa. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema kwamba, katika dunia yote, wamama karibu 13 kwa 100 wenye kutoka kuzaa wanapata ugonjwa wa namna hii. Katika inchi zenye mali kidogo hesabu inakaribia 20 kwa 100. Basi kama wamama ishirini wanaketi kwenye banki siku ya kupima watoto, pengine watatu ao wanne kati yao wanaubeba kimya.

Alama zake ni hizi:

- Huzuni ao kilio karibu kila siku.
- Hana hamu ya kitu chochote, hata kile alichopenda zamani.
- Hawezi kulala hata wakati mutoto analala. Ao analala siku muzima.
- Hana hamu ya kula.
- Anasema: «Mi si mama muzuri. Sina faida.»
- Anaangalia mutoto kama vile ni wa mutu mwingine.

Ugonjwa huu si uvivu. Si ulozi, si laana, wala si alama kwamba mama hapendi mutoto wake. Unaweza kumushika yeyote, zaidi mwenye kufiwa, mwenye kukimbia vita, mwenye kupigwa nyumbani, ao mwenye kubaki peke yake. Damu ikipunguka mwilini, inaleta pia uchovu wenye kufanana nao. Kwa hiyo muuguzi atapima damu.

5. Namna ya kusaidia mwenzako

«Habari?» moja haitoshi. Uliza mara ya pili, mukiwa wawili tu:

— Dada, unalalaka namna gani siku hizi?
— Silalake. Usiku wote mawazo tu.
— Pole sana, dada. Niambie, niko nasikiliza.

Kisha nyamaza, umusikilize. Usimuhukumu. Usipeleke maneno yake kwenye soko. Beba mutoto wake kidogo, alale. Mutekee maji. Halafu umusindikize kwa kituo cha afya.

Musaada huu una nguvu ya kweli. Karibu na Rawalpindi, katika inchi ya Pakistani, wanawake wa vijijini wenye kazi ya afya walifundishwa kutembelea wamama wenye ugonjwa huu na kuzungumuza nao kwa utaratibu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mutoto alipofikia miezi sita, wamama 23 kwa 100 ndio waliobaki na ugonjwa; kati ya wale waliotembelewa bila mafundisho hayo walikuwa 53 kwa 100. Hata dawa ziko, na muganga anajua zile zinazofaa kwa mama mwenye kunyonyesha.

ANGALISHO. Mama akisema anataka kufa, ao kuumiza mutoto. Ao akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, hajui tena yuko wapi: hii ni hatari. Usimuache peke yake. Mulete hospitali siku ileile, hata usiku.

6. Tumalizie

Manunguniko tuyaache, lakini maumivu tuyaseme. Shukrani ya kweli ina nafasi pia ya kusema: «Naumia, munisaidie.» Mama akipona, mutoto naye ananyonya muzuri, anakomaa.

MAULIZO

1. Kusema tatizo na kunungunika vinaachana wapi?
2. Kilio cha kisha kuzaa kinakuwa ugonjwa wakati gani?
3. Taja alama tatu za ugonjwa huu.
4. Juma hili, ni mama gani utamuuliza «habari» mara ya pili?