Mtakatifu Fernando na Amani ya Mama Wawili

Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, mmekwisha sikia jinsi Padri anavyouliza habari za ukoo kabla ya kukubali ndoa: huyu ni mtoto wa nani, nyanya yake alitoka wapi. Wengine huchukizwa na maswali hayo. Basi sikilizeni habari za mfalme mmoja ambaye wazazi wake walitengwa kwa sababu ya undugu, naye akawa mtakatifu.

Zamani hizo Hispania haikuwa ufalme mmoja. Kusini walitawala Waislamu; kaskazini zilikuwako falme za Wakristu, na mbili kati yake, Castilla na León, ziligombana mara kwa mara. Alfonso IX, mfalme wa León, alimwoa kwanza Teresa, binti wa mfalme wa Ureno. Lakini mama yake Alfonso na baba yake Teresa walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hivyo Eklezia ilitangaza kwamba ndoa hiyo si ndoa. Mwaka 1197 Alfonso akamwoa Berenguela wa Castilla, naye pia alikuwa wa ukoo wake wa karibu. Papa Innocentius III hakukubali, na mwaka 1204 wakaachana, ingawa walikuwa wamekwisha zaa. Watoto hawakuhesabiwa kuwa haramu. Mmoja wao ndiye Fernando.

Berenguela akarudi kwao. Mwaka 1217 mdogo wake, mfalme Enrique, mtoto wa miaka 13, alikuwa akicheza mjini Palencia. Kigae kikaanguka toka paani, kikampiga kichwani, akafa. Ufalme wa Castilla ukamjia Berenguela. Aliupokea, na papo hapo akamkabidhi mwanawe. Alfonso alikasirika, akaingia Castilla na jeshi kupigana na mwanawe mwenyewe. Mwaka uliofuata wakapatana.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1230. Alfonso alifariki njiani akienda kuhiji Santiago, kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Alikuwa amekusudia León wapewe Sancha na Dulce, binti zake kwa Teresa. Wakubwa wa nchi wakagawanyika, wengine kwa Fernando, wengine kwa mabinti. Sisi tunajua sana jinsi watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali wanavyogombea urithi, na nani huchochea moto huo. Hapa mama hawakuchochea. Teresa, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya watawa huko Ureno, alitoka akaja, Berenguela akamwendea. Wanawake wawili walioachana na mume yule yule wakaketi pamoja, wakasemezana juu ya watoto wao. Tarehe 11 Desemba, mjini Benavente, mapatano yakakamilika: Sancha na Dulce waliuacha ufalme, naye Fernando aliahidi kuwapa sarafu za dhahabu 30,000 kila mwaka. Castilla na León zikawa chini ya mfalme mmoja, wala hazikutengana tena.

Vitabu vingi humsifu Fernando kwa vita vyake. Mimi naona neno la Benavente lapita vyote. Alitwaa Córdoba mwaka 1236, Jaén mwaka 1246, na Sevilla mwaka 1248, baada ya kuizingira zaidi ya mwaka mzima. Waislamu wa Sevilla iliwapasa kutoka na kuacha nyumba zao. Jambo hilo tusilifiche. Tena mfalme wa Granada, Mwislamu, alileta askari wake kumsaidia Fernando, kwa maana alikuwa amemkubali kuwa bwana wake.

Berenguela alifariki mwaka 1246, mwanawe akiwa vitani kusini. Fernando naye alifariki Sevilla tarehe 30 Mei 1252. Inasimuliwa kwamba alipoletewa Ekaristi alishuka kitandani, akapiga magoti, kamba shingoni kama mkosaji. Mwaka 1671 Papa Clemens X alimweka katika heshima ya watakatifu. Kaburi lake limo katika kanisa kuu la Sevilla, na maandishi yake ni ya lugha nne: Kilatini, lugha ya Castilla, Kiarabu na Kiebrania.