Suti Ile Ilikuwa ya Nani?

Vijana wetu huzitunza picha za waimbaji, ukutani na katika simu, kuliko wanavyotunza madaftari. Basi leo tujifunze kuisoma picha ya namna hiyo.

Tutwae jalada la santuri ya Michael Jackson iitwayo “Thriller”, ya mwaka 1982. Kijana amejilaza kwa utulivu, amevaa suti nyeupe. Mtazamaji hudhani ndivyo avaavyo kila siku. Sivyo! Nguo alizoandaliwa hazikumpendeza. Akaipenda suti aliyovaa mpiga picha mwenyewe, Dick Zimmerman, akaazimwa.

Katika filamu ya “Billie Jean”, mwaka 1983, kila jiwe alikanyagalo lawaka taa. (Sisi wengine tukikanyaga twaacha tope tu.) Mwaka huo huo ikaja filamu ya “Thriller” yenyewe, ya dakika kama 14, iliyoongozwa na John Landis, na kijana mpole akageuzwa mzuka kwa ustadi wa mafundi wa kupaka uso. Lakini someni maandishi ya mwanzo: Jackson, wakati huo akiwa Shahidi wa Yehova, anatangaza kwamba kwa imani yake filamu haiungi mkono mambo ya uchawi. Kwangu mimi, hapo ndipo mtu mwenyewe anapochungulia.

Binti au kijana ajionaye duni mbele ya picha kama hizo anajipima na kazi ya mikono mingi. Wanafunzi wa kipaimara, njooni na picha moja ya mwimbaji mmpendaye. Tutaanza kwa kuuliza nguo zile ni za nani, na taa aliishika nani.